Saa Mia za Mzee Rangi

Televisheni ya zamani ilikata roho siku ya Jumatano, katikati ya taarifa ya habari. Mzee Rangi hakusikitika hata kidogo. Aliigonga kisogoni mara mbili kama ilivyokuwa desturi yake, akasubiri, kisha akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Imekwenda," alimwambia mkewe. "Sasa tunanunua plazma, ile televisheni bapa."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, alikuwa kwenye cherehani anapinda suruali ya mteja. Hakuinua kichwa.

"Umeiua wewe, au imekufa yenyewe?"

"Imekufa kifo cha Mungu. Ila mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa msiba."

Na kweli alikuwa amejiandaa. Juu ya kabati palikuwa na kopo la rangi, tupu, lililooshwa likatakata, na ndani yake palikuwa na akiba ya miaka miwili. Bi Sindano alijua kwamba lipo, na hakuwahi kulifungua.

Alijua pia kwamba mumewe hatafuti televisheni tu. Kwa miaka thelathini na minane mzee huyu alikuwa mchanganyaji rangi dukani. Mtu alimletea kifungo, jani, au kipande cha lipu kilichobanduka ukutani, naye alimchanganyia kopo zima la rangi ileile, kwa jicho tu, bila mashine. Ndiyo maana akaitwa Mzee Rangi. Lakini mwezi huu makopo matatu yalikuwa yamerudishwa. Mteja mmoja alimuuliza mbele ya foleni, "Babu, hii niliyokuomba ni samawati, au umenipa uji?" Watu wakacheka. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, hakucheka wala hakufoka. Alisubiri jioni, akamuuliza polepole kama hangependa kupumzika, kwa kuwa alikuwa amefikiria kuagiza mashine ya kuchanganyia rangi. Siku ile Mzee Rangi alirudi nyumbani akasukuma sahani pembeni.

Leo macho yake yalikuwa yanacheka. "Televisheni mpya haiji na rangi sahihi," alisema. "Lazima ipangwe. Nitaipanga mwenyewe, na siku hiyo nitamwalika Tajiri aje kutazama. Akishaona jicho langu linavyofanya kazi, aniambie tena habari za mashine."

Bi Sindano alikata uzi kwa meno. Alimpenda sana mumewe anapokuwa hivi, na alimhofia pia.

"Basi ngoja nivae," alisema.

Alitoka na gauni lake la zambarau, lile la kutokea. Mzee Rangi alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Hilo gauni lako la kahawia linakukaa vizuri sana."

Zamani Bi Sindano alikuwa akimbishia. Kisha aliacha. Sifa ni sifa, huirudishi dukani kwa sababu ya rangi.

* * *

Dukani televisheni zilipangwa ukuta mzima, zote zimewashwa, zote zinawaka kama zimegombana. Muuzaji kijana mwenye tai aliwatazama viatu kwanza.

"Karibuni, wazee wangu. Redio ziko kule nyuma."

"Redio tunayo," alisema Mzee Rangi. "Ndiyo iliyotuambia kwamba hapa mna televisheni."

Kijana akaona haya kidogo, akaanza kusifu hii na ile. Mzee hakumsikiliza. Alipita mbele ya kila kioo, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa shule. "Zinapiga kelele zote," alisema. "Nionyeshe nyeusi."

"Televisheni nyeusi?"

"Rangi nyeusi, mwanangu. Ukitaka kumjua mchanganyaji, mwambie akupe nyeusi. Nyekundu hata mlevi anaiweza."

Fundi wa duka alikuwa pembeni, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Aliposikia maneno yale aliacha alichokuwa akikifanya, akaja, akazima taa za kona ile yote bila kuulizwa, akaweka picha ya msitu usio na mwezi. Mara ile ukuta mzima ukajisema wenyewe. Nyeusi za televisheni nyingine zilikuwa zimepauka. Ya plazma ilikuwa imetulia kama maji ya kisimani.

"Hii!" Mzee Rangi alipiga kofi. "Hii ndiyo nyeusi. Hizo nyingine ni kijivu kilichovaa suti."

Fundi alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Mzee, unajua unachokitafuta."

"Ila zote zinavuta unjano kidogo."

Fundi aliitazama televisheni, akamtazama mzee. "Inawezekana ni taa," alisema kwa upole. Taa zilikuwa zimezimwa. Bi Sindano aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Kisha fundi akawapa masharti. Plazma mpya haikurupushwi. Kwa saa mia za kwanza mwanga uwekwe chini. Picha isisimame mahali pamoja muda mrefu, wala nembo ya kituo isikae pembeni saa nzima, kwa sababu kioo kikiwa kichanga picha iliyosimama huacha alama, na alama ile inaweza isitoke kabisa. Rangi isipangwe mpaka saa hizo mia zitimie.

"Kama cherehani mpya," alisema Bi Sindano. "Unaiendesha taratibu, na mafuta, na kitambaa chepesi. Ukianza na jinzi umeiua."

"Mama," alisema fundi, "umenielewa kuliko wauzaji wangu wote."

Yule kijana mwenye tai ndiye aliyebeba boksi hadi kwenye gari. Alilifunga kamba, akatikisa, hakuridhika, akafungua akafunga upya. "Mzee wangu, samahani kwa yale ya redio," alisema.

"Yale yamekwisha," alisema Mzee Rangi. "Kaza upande huu."

* * *

Nyumba ikaingia kwenye saa mia kama inayoingia kwenye harusi.

Mjukuu wao wa miaka minane, binti aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakuwahi kuona kitu akanyamaza, alipewa kazi ya kuhesabu. Alichora mistari nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, mstari mmoja kwa kila saa, na kila nusu saa alipaza sauti, "Nembo!" Hapo Mzee Rangi alibadili chaneli, hata kama dunia inafika mwisho.

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuja kila siku saa kumi na moja na kigoda chake mwenyewe ili asiwe mzigo, akitazama tamthilia.

"Sasa anamwambia," alinong'ona siku moja, mkono mdomoni. "Anamwambia mtoto si wake…"

"Nembo!" Kasuku akapaza.

Chup! Kwenye kioo wakatokea samaki.

"Mzee! Kwa jina la Mungu! Mtoto ni wa nani?"

"Kioo bado kichanga, jirani. Vumilia."

"Mimi si kichanga! Mimi nina shinikizo la damu!"

Binti yao, mama yake Kasuku, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, hurudi amechoka, mikono imekunjamana kwa maji, lakini wiki zile alirudi anakimbia. Hata chakula kilinoga. Walikula wakitazama samaki, mpira, mahubiri, mapishi ya watu wasiowajua, kila kimoja nusu saa, huku picha ikiwa na mwanga hafifu kama ya mtu anayeona aibu.

"Inavuta unjano," Mzee Rangi alisema kila siku. "Kama gazeti la zamani. Lakini subirini. Nitaiponya."

Bi Sindano alitazama. Yeye hakuona unjano wowote. Aliona shati jeupe, jani la kijani, bahari ya bluu. Alimtazama mumewe anavyofurahi, akarudi kwenye pindo lake.

* * *

Mstari wa mia ulichorwa Jumamosi saa nane mchana. Dirisha likazibwa kwa blanketi. Tajiri alifika na mfuko wa biskuti, akavua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asivue, akaketi kwenye kiti kizuri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi. Alianza kazi kwenye duka lile kwa kufagia, wakati likiwa la baba yake, na Mzee Rangi ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Mpaka leo humwita "Mzee wangu".

Mzee Rangi alivaa koti lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi. Akashika rimoti kama mtu anayeshika brashi.

"Tunaanza na giza," alitangaza. "Mtu asiyejua giza hajui rangi."

Akaweka msitu. Akapandisha mwanga kidogo kidogo mpaka ndani ya weusi yakatokea majani, jani moja moja, yaliyokuwepo muda wote bila kuonekana. Akashusha mpaka majani yakalala tena. Akarudi nusu hatua. "Hapo."

"Alaa!" alisema Tajiri, akasogea mbele. "Mzee wangu, hapo umenikumbusha mbali."

Jirani akapiga makofi. Kasuku akacheza. Bi Sindano alisikia moyo wake ukifunguka kama kitambaa kinachokunjuliwa mezani. Labda alikuwa na hofu bure.

"Sasa rangi," alisema Mzee Rangi.

Msomaji wa habari alikuwa kwenye kioo, mwanamume mwenye uso wa kahawia mzuri na shati jeupe. Mzee akapunguza njano. Akaongeza bluu. Akakunja jicho, akaongeza tena. Akatazama shati, akatikisa kichwa, akaongeza zaidi. Kila alipobonyeza, chumba kilizidi kunyamaza. Uso wa msomaji wa habari ukawa wa majivu, kisha wa bluu. Shati likawa kama barafu.

"Hapo!" Mzee Rangi akageuka, uso umejaa furaha. "Mmeona? Weupe sasa ni weupe."

Tajiri aliitazama biskuti yake.

"Babu," alisema Kasuku, "huyo baba anasikia baridi?"

"Kwa nini?"

"Amekuwa wa bluu."

"Nyamaza!" mama yake alimvuta.

"Mimi naona sawa tu," jirani akawahi. "Labda ni hii miwani yangu." Hakuwa amevaa miwani. Hajawahi kuwa nayo.

Mzee Rangi aliwatazama mmoja mmoja. Furaha ilikuwa bado usoni, lakini imesahauliwa pale, kama taa iliyoachwa inawaka mchana. "Tajiri. Lile shati. Sema."

"Mzee wangu…" alisema Tajiri, akakwama.

Bi Sindano akainuka. Hakutaka mumewe aambiwe mbele za watu, na hakutaka tena asiambiwe. Akafungua droo ya cherehani, akatoa vibiringo viwili vya uzi. "Mzee, njoo kidogo mlangoni kwenye mwanga. Nina shati la mteja. Nichagulie uzi mweupe."

Wakasimama nje ya mlango, wawili tu. Akamwekea vibiringo kiganjani.

"Vyote vyeupe," alisema Mzee Rangi. "Una masihara leo?"

"Kimoja ni cheupe. Kingine ni cha manjano, kama siagi. Nakitumia kwenye sare za shule."

"Mama."

"Sijawahi kukudanganya juu ya uzi."

Bi Sindano akauweka mkono wake chini ya mkono wa mumewe, kana kwamba ni vibiringo tu anavyovishika visianguke. Kisha mtu wa kazi ndani ya mumewe akaamka. Alifumba jicho la kulia, akatazama. Akafumba la kushoto, akatazama. Akarudia. Kwa jicho la kushoto nyuzi zilitofautiana kidogo. Kwa la kulia, jicho alilolitumia kupimia maisha yake yote, zilikuwa kitu kimoja.

Akageuka, akaingia ndani kwa hatua ndefu, akasimama mbele ya plazma, kiganja jicho hili, kiganja jicho lile, hili, lile.

"Varnishi," alisema.

"Nini?" aliuliza binti yake.

"Varnishi! Mimi nimepakwa varnishi machoni." Sauti yake ilipanda, na haikuwa ya huzuni, ilikuwa ya fundi aliyepata hitilafu. "Mlango uliopakwa varnishi, mwaka wa kwanza unang'aa. Mwaka wa kumi umekuwa wa manjano, na mwenye nyumba hana habari, maana anautazama kila siku. Anayejua ni mgeni. Nanyi wageni mmeketi hapa mnakula biskuti!"

Wakacheka kwa kuogopa, kisha wakacheka kweli.

"Tajiri," alisema, "makopo yaliyorudi ni mangapi?"

"Matatu, Mzee wangu."

"Nimekuuliza mangapi."

Tajiri alikuna shingo. "Kumi na moja."

Bi Sindano alihesabu kichwani. Manane. Manane huyu mtu aliyabeba kimya, asimwaibishe mwalimu wake.

"Hayo manane umeyaweka wapi?" Mzee Rangi aliuliza polepole.

"Rangi zake nimezipaka nyumbani. Choo changu sasa kina rangi nane. Wanangu wanakipenda sana."

Jirani alianguka kutoka kwenye kigoda. Hata Mzee Rangi alilazimika kushika ukuta, akicheka, machozi yanatoka, na hakuna aliyeuliza machozi yale ni ya nini.

Binti yake alimfuta kwa kona ya kanga. "Baba, huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Wodi ya macho nafua mashuka yake kila wiki. Wanaingia wakishikwa mkono, wanatoka wakisoma mabango kwa sauti."

"Kwa kisu? Machoni?" Akamgeukia Tajiri. "Wewe unasemaje?"

"Nasema ulivyonifundisha," alijibu Tajiri. "Varnishi iliyozeeka haifunikwi. Inatolewa. Na mashine itasubiri. Nusu ya gharama ya hospitali ni ya duka, usibishe."

"Kwa nusu nyingine tutaiuza hii plazma."

"Haiuzwi," alisema Bi Sindano, na sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kwa wateja wanaotaka nguo leo. "Nilikuwa naweka akiba ya mota ya cherehani. Miguu yangu bado inakanyaga."

* * *

Foleni ya hospitali ilikuwa ya wiki tano. Mzee Rangi aliamuru plazma isiguswe. "Huo ni ushahidi," alisema. Basi familia ilitazama watu wa bluu wiki tano, na watoto wa mtaa wakaja kuwachungulia. Jirani hakulalamika. Nembo haikuwa sheria tena, ingawa Kasuku aliendelea kuitangaza kwa kupenda kazi. "Heri bluu," jirani alisema, "kuliko kubadilishiwa chaneli." Na alikuwa ameshajua mtoto ni wa nani.

Asubuhi ya siku waliyomtoa bendeji, Mzee Rangi alirudi akitembea katikati ya njia, kichwa juu, akisoma kila kitu. "Duka la dawa! Usikojoe hapa! Kinyozi! Huu ukuta nani kaupaka, ana wazimu?" Bi Sindano, binti yake na Kasuku walimfuata nyuma wakicheka kama wasindikizaji wa bibi harusi.

Nyumbani aliketi, akaziba lile jicho ambalo halijatibiwa. "Washa."

Kasuku akawasha. Msomaji wa habari akatokea.

"Mungu wangu!" Mzee Rangi aliruka. "Mmekaa na maiti huyu wiki tano?"

"Uliipanga mwenyewe, Babu!"

"Lete rimoti!"

Alifanya kazi haraka, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Bluu ikashuka, njano ikapanda, damu ikarudi kwenye mashavu ya yule mtu. Bado hakuridhika. "Nataka ngozi ya kulinganishia. Mama, simama pale, kando ya kioo."

"Kumbe mimi ni kipande cha lipu?"

"Wewe ni sampuli. Simama wima."

Bi Sindano alisimama, mikono mbele, amevaa gauni la kutokea kwa sababu ilikuwa siku ya kutokea. Mzee Rangi alitazama kioo, akamtazama yeye, akabonyeza. Kioo, yeye, akabonyeza. Kioo. Yeye.

Rimoti ikashuka polepole mpaka gotini.

"Hilo gauni," alisema.

"Lina nini?"

"Umelishona lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Zambarau," alisema Mzee Rangi. "Mama. Ni la zambarau." Kisha akaona mvi zake, ambazo siku zote zilimjia kama shaba, na sasa zilikuwa nyeupe, weupe ambao hakuna kopo lililowahi kuupata. "Na hizi nywele."

"Nimezeeka, ndiyo."

Alikaa vilevile, kiganja jicho moja, akimtazama. Msomaji wa habari akamaliza, mpira ukaanza, ukaendelea, na Bi Sindano aliyezoea kuwa na kitu mkononi hakujua mikono yake aiweke wapi. Lakini hakuondoka pale.

Kasuku alitazama saa ya ukutani, akamtazama babu yake, akamtazama bibi yake. Kazi yake aliijua.

"Babu," alisema, "Bibi amesimama hapo muda mrefu. Picha itaacha alama."

"Iache," alisema Mzee Rangi.